Kuchua hakuzuii vidonda vya kulalia

Iwe nyumba ya wazee Sebleni, Unguja, au Limbani, Pemba, au chumbani kwa bibi asiyeweza kujigeuza kitandani, imani ni ya siku nyingi: ngozi ya makalioni ikibadilika rangi, ichuliwe kwa mafuta ya nazi au spiriti "damu itembee". Sivyo. Pale mishipa midogo ya damu imeshabanwa baina ya mfupa na godoro. Kusugua huijeruhi zaidi, na spiriti hukausha ngozi.

Kinachosaidia ni kuondoa uzito. Mgeuze kila baada ya saa 2 hivi, umlaze kiubavu kwa nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo; ubavu wima humuumiza mfupa wa nyonga. Mto mwengine uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka, msimburure. Pete ya mpira ya kukalia iacheni, hubana damu pembezoni.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Gusa: pana joto, pamekuwa pagumu, au bibi anakunja uso? Pasilaliwe tena, na muuguzi aambiwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kumgeuza mwambie, "Bibi, nakugeuza." Akishtuka hukakamaa, na ngozi hukwaruzika.