Acheni kuzika divai kabatini

Wiki iliyopita nimeletewa tena. Safari hii ni chupa ya divai nyekundu ya bei ya kawaida tu, zawadi ya harusi, iliyosimama juu ya friji huko Sinza kwa miaka tisa. Mwenyewe kaibeba kwa mikono miwili kama kichanga. "Kaka, hii sasa si itakuwa imefika penyewe?" Kizibo kilikuwa kimesukumwa nje milimita mbili tatu, shingo inanata. Nilijua kabla sijagusa kizibuo. Kwenye glasi: rangi ya maji ya ukwaju, harufu ya zabibu kavu zilizoungua, na siki inachungulia kwa nyuma.

Nimechoka na huu msemo wa "divai kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga." Na nikibisha tu, natajiwa Wafaransa. Haya, twendeni kwa Wafaransa.

Kule Bandol, pwani ya Provence, kuna shamba linaitwa Domaine Tempier, mali ya familia tangu 1834. Mwaka 1936 binti wa nyumba hiyo, Lucie, ambaye kila mtu alimwita Lulu, aliolewa na Lucien Peyraud. Inasimuliwa kwamba baba mkwe alimfungulia Lucien chupa ya zamani sana, ya kabla ya filoksera, yule mdudu aliyemaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19. Lucien akaonja, akapigwa butwaa. Mle ndani kulikuwa na zabibu ya Mourvèdre, ambayo wakati huo wakulima wengi walikuwa wameshaiacha kwa kuwa inasumbua kupandikiza, inachelewa kuiva na haizai sana. Akaanza kuirudisha. Bandol ikapata hadhi yake ya kisheria, yaani jina la divai linalolindwa na sheria, mwaka 1941, na kiwango cha Mourvèdre kikapandishwa polepole hadi sharti la leo: angalau nusu ya divai nyekundu lazima iwe Mourvèdre, na ikae kwenye mapipa ya mbao miezi 18 kabla ya kutiwa kwenye chupa.

Hapo najua mtashangilia: si unaona, chupa kuukuu ndiyo iliyomteka! Ndiyo, lakini alichokimbilia Lucien shambani ni zabibu. Angekuwa na akili ya juu ya friji, angenunua kabati.

Mourvèdre ina punje ndogo na ganda nene, na divai nyekundu rangi na tanini (ule ukakasi unaokausha ulimi) inazipata hasa kwenye ganda, maana maji ya zabibu nyingi nyeusi ni meupe. Ganda nene, tanini nyingi. Tanini hiyo ndiyo inayopambana na oksijeni mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo Bandol changa inakukaba ulimi kama ndizi mbichi, ikifika miaka kumi inalainika, inaanza kunukia ngozi na majani makavu. Pale Tempier wana shamba la Cabassaou, karibu lote Mourvèdre, na lingine la La Migoua ambalo wanaichanganya zaidi na wenzake kina Grenache na Cinsault. Sasa hiyo Grenache peke yake ni mwepesi wa kuchoka hewani. Familia moja, mwaka mmoja wa mavuno, na bado nisingezipa chupa hizo mbili muda ule ule wa kusubiri. Itakuwaje chupa yako ya supamaketi, iliyotengenezwa makusudi iwe laini, inywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili? Haina cha kuzeekea. Hata Makutupora ya Dodoma mimi naifungua mapema, ikiwa na uchangamfu wake.

Halafu joto. Pishi la kueleweka lina nyuzi 12 hadi 14, giza, na chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Juu ya friji ya Dar mwezi wa pili ni zaidi ya 30, na mgongo wa friji nao unapuliza moto wake. Hata Cabassaou ingekufia pale.

Sasa niseme ukweli ambao darasani huwa naupitia haraka. Wanafunzi nawaambia tanini zinaungana, zinakuwa nzito, zinazama na kuwa mashapo, ndiyo maana divai inalainika. Ni maelezo mazuri ya ubaoni, lakini kemia yenyewe haijatulia hivyo. Minyororo hiyo ya tanini zilizoungana inakatika pia, haiungani tu. Na kuna kile kipindi divai nzuri inapojifunga, hainukii kitu, kisha inafunguka tena. Kwa nini? Sijui. Nimewahi kufungua Bandol ya miaka sita ikawa bubu kama jiwe. Kesho yake asubuhi, mabaki yaliyobaki kwenye jagi yananukia jikoni kote. Nilikuwa nimeshamwomba radhi mgeni.

Yule kaka wa Sinza tulimwokolea kiasi: nusu chupa ilikwenda kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, na vitunguu vingi. Alipokuwa anaaga akakumbuka kwamba kuna nyingine, ya kipaimara cha dada yake, 2011, ipo chini ya kitanda.