Kulabu ya trela kwenye V8, Prado au Range Rover: anza na chesisi

Ukichungulia chini ya bampa ya nyuma ya Land Cruiser V8 au Prado iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani, mara nyingi utaona vipete vya chuma vimeshikamana na chesisi. Wenye magari huja hapa Kisumu wakiniambia, "Fundi, kulabu ninayo, niwekee boli tu," yaani ule mpira wa chuma unaoshika shingo ya trela. Vipete hivyo ni vya kufungia gari melini lisisogee. Havikuundwa kuvuta boti kutoka ufuo wa Dunga kuipandisha Kericho, na mimi sifungi chochote hapo.

Jambo la kwanza ninalotaka kujua ni gari limekalia nini. Land Cruiser, Prado na Lexus LX zina chesisi yenyewe: reli mbili nene za chuma na bodi juu yake. Kwa kawaida matundu ya bolti yalishatobolewa kiwandani, kwa hiyo ukipata kulabu ya modeli hiyo hasa, kazi haichoshi. Range Rover, BMW X5, Mercedes GLE na Audi Q7 ni habari nyingine. Hazina reli hizo. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kulabu yake hufungwa ndani, nyuma ya bampa, kwenye ncha za mihimili inakokaa boriti ya kuzuia mgongano. Bampa lazima itoke, na mara nyingi boriti pia.

Range Rover ya kuanzia modeli ya 2013 ina bodi ya alumini. Fundi wa kuchomelea, hata kama mageti yake yanasifiwa Kibuye nzima, asiwashe mashine hapo. Joto huilegeza alumini kando ya mshono, na ufa huanzia papo hapo, ndani ya bampa usikouona. Hata kwenye chuma mimi hutaka bolti za daraja la nguvu la 8.8 au 10.9, nisome namba kichwani mwa bolti kwa macho yangu, kisha nizikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti ya milimita 12 ya 8.8 huhitaji takriban Nm (nyutoni-mita) 80, lakini karatasi iliyokuja na kulabu ndiyo yenye neno la mwisho.

Sasa uzito. Kulabu nzuri ina kibandiko chenye herufi D na S. S ni kilo inazoweza kubebeshwa kwa kukandamizwa chini. D ni nguvu ya mvutano kwa kilonewtoni: zidisha uzito wa gari lililojaa kwa uzito wa trela, kwa tani, gawa kwa jumla ya vyote viwili, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la tani 3 na trela ya tani 2 hukupa karibu 11.8. Kulabu ya D 10 haifai hapo, hata muuzaji aape. Na kulabu ya kilo 3,500 haiongezi uwezo wa gari. Land Cruiser 300 imeruhusiwa kuvuta kilo 3,500 trela ikiwa na breki zake; isiyo na breki, mwisho ni 750. Kati ya gari, kulabu na trela, namba ndogo kuliko zote ndiyo unayoifuata.

Sasipensheni ya hewa huwahadaa wengi. Ukipakia trela vibaya, Prado ya springi itakaa kitako na utajua. Range Rover itajiinua yenyewe isimame sawa, huku tairi za mbele zimepungukiwa uzito na usukani umekuwa mwepesi. Macho hayatakusaidia. Chukua mizani ya bafuni, weka kipande cha mbao juu yake, teremsha shingo ya trela hapo ikiwa katika kimo cha boli, usome. Uzito ukizidi S, sogeza mzigo nyuma. Ukiwa mdogo mno, trela itaanza kuyumba, na pa kuligundua hilo si mteremko wa Sachangwan huku lori likikusukuma mgongoni. Hapo shusha gia mapema, kabla mteremko haujaanza, uiache injini izuie mwendo. Breki zinazokanyagwa mfululizo hadi Salgaa, kule chini, huchemka.

Kwenye waya ndiko ninakopokea kazi nyingi za kurekebisha. Mtu amechuna waya wa taa ya nyuma akaunganisha soketi, na sasa dashibodi imejaa maonyo. Kompyuta ya magari haya hupima umeme wa kila taa. Ukiongeza balbu za trela kwenye njia ileile, inadhani kuna hitilafu. Weka moduli ya trela: taa za gari ziipe ishara tu, na umeme wenyewe utoke kwenye betri kupitia fyuzi. Kisha kompyuta ifahamishwe kwamba kulabu ipo, ili sensa za kurudi nyuma zinyamaze trela ikifungwa na mfumo wa kuzuia kuyumba ufanye kazi, kama gari linao.

Wenye boti, neno moja. Mkifika ziwani chomoeni plagi ya taa na msubiri kidogo kabla ya kuzamisha magurudumu. Beringi zilizopata moto njiani zikiingia maji baridi ghafla, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Grisi ikishageuka nyeupe kama uji wa mahindi, beringi hizo hazina safari ndefu.

Ijulishe bima yako kuhusu kulabu kabla ya kuvuta chochote, na trela iwe na namba yake ya usajili, ile inayoanza na Z. Baada ya kilomita 1,000 za kuvuta, rudi tukaze bolti upya. Rangi iliyobanwa kati ya vyuma hukandamizika na bolti hulegea kidogo. Si lazima uteremke garini, mradi umezima injini.