Maana ya afya ya kinywa, na jinsi fizi zinavyohusiana na kisukari

Afya ya kinywa ni hali ya meno, fizi, ulimi, mate na mifupa ya taya kuwa salama kiasi cha mtu kuweza kula, kuzungumza, kucheka na kulala bila maumivu wala aibu. Wengi wetu huipima kwa mambo mawili tu, yaani weupe wa meno na kutoumwa, na vipimo vyote viwili hupotosha. Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako vyanzo vingi vya maji vina madini ya floridi yaliyopita kiasi, mtu anaweza kuwa na meno yenye madoa ya kahawia na asiwe na hata jino moja lililotoboka. Mwenye meno meupe naye anaweza kuwa na ugonjwa wa fizi unaomaliza polepole mfupa unaoshikilia meno yake, kwa miaka mingi, bila kumkosesha usingizi hata usiku mmoja.

Ugonjwa huo ndio sehemu ya afya ya kinywa inayosahaulika kuliko zote. Saa chache tu baada ya kupiga mswaki, utando wa bakteria huanza kujijenga upya juu ya meno. Pitisha ukucha kwenye shina la jino asubuhi kabla ya kusafisha kinywa, nawe utauona: kitu laini, chenye rangi kati ya nyeupe na manjano. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ukoga, ambao wengine huuita ugaga, na ukishafikia hapo hautoki kwa mswaki hata usugue kwa nguvu namna gani. Mwili huwapiga vita bakteria hao kwa kupeleka damu na chembe za kinga kwenye ukingo wa ufizi, na ufizi huvimba, hung'aa, hulegea, kisha hutoka damu ukiguswa. Rangi peke yake isikutishe, kwa kuwa wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa asili ambao si ugonjwa. Dalili ya kuangalia ni damu na uvimbe.

Hatua hii ya mwanzo hupona kabisa ukoga ukiondolewa na usafi ukidumishwa. Ikipuuzwa, ufizi huachana na jino na kati yake hutokea mfuko. Daktari wa meno huupima mfuko huo kwa kifaa chembamba chenye alama: kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida, na kuanzia 4 ni ishara ya kuangaliwa kwa makini. Mfupa ulioliwa haujirudishi wenyewe. Inasikitisha kwamba wengi wakiona damu huacha kusugua mahali hapo, wakidhani wanapaumiza, ilhali ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Wengine husubiri hadi jino litikisike, kisha hushika ule msemo kwamba dawa ya jino ni kung'oa.

Kisukari ndicho kinachoonyesha wazi zaidi kwamba kinywa si kisiwa. Sukari ikikaa juu katika damu, mishipa midogo huharibika na chembe za kinga hudhoofika, hivyo fizi hushambuliwa kwa urahisi na vidonda hupona taratibu. Kinywa pia hukauka, na mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi kwenye meno. Kwa upande wa pili, fizi zenye uvimbe wa muda mrefu humwaga kwenye damu kemikali zinazopunguza nguvu ya insulini, yaani homoni inayoshusha sukari, na sukari huzidi kupanda. Tafiti zimeonyesha kuwa mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi ipasavyo, wastani wake wa sukari wa miezi 2 hadi 3 hushuka kidogo. Upungufu huo hauchukui nafasi ya dawa, lakini ni wa maana. Mei 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyahusisha magonjwa ya kinywa na mipango ya magonjwa yasiyoambukiza, na kwa maoni yangu, kliniki ya kisukari isiyomwambia mgonjwa afungue kinywa haijamaliza kazi yake.

Kuhusu moyo, tuseme kwa kiasi. Wenye ugonjwa wa fizi huonekana kupata zaidi magonjwa ya moyo, ila haijathibitishwa kwamba fizi ndizo chanzo. Lililo wazi ni kuwa bakteria wa kinywani wanaweza kuingia kwenye damu na kukaa katika vali za moyo zilizokwisha kuharibika, kwa mfano kutokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni.

Uhusiano wa kinywa na mwili umewahi pia kueleweka vibaya, kwa gharama kubwa. Tanzania na nchi jirani zimeshuhudia watoto wachanga wenye homa na kuhara wakichokolewa fizi ili kutolewa kinachoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni meno ya kawaida yasiyojitokeza bado. Mtoto wa namna hiyo alihitaji maji ya chumvichumvi (ORS) na hospitali, akapewa jeraha.

Kutunza kinywa kwenyewe hakuna mambo mengi: piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi ya kiwango cha 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa milioni), mara mbili kwa siku, dakika 2 kila mara, na usiku kabla ya kulala usikose, kisha teme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno. Mswaki wa mti husafisha vizuri ukifikishwa hadi upande wa ndani wa meno, ambako wengi hawafiki. Sukari huharibu zaidi inapoonjwa mara kwa mara, kwa hiyo kikombe cha chai kinachonywewa kwa mafunda asubuhi nzima ni kibaya kuliko kile kinachomalizwa pamoja na chakula.

Mwenye kisukari anayekwenda kusafishwa meno amweleze daktari dawa anazotumia na vipimo vyake vya karibuni, na achague miadi ya asubuhi, akiwa amekula na kumeza dawa zake kama kawaida, ili sukari isishuke akiwa kwenye kiti.