“Muzimu haitoki mu kitabu”: yanayosemwa Goma juu ya riwaya za mizuka, na yalivyo kweli

Meza yangu iko Birere, hapa Goma, mashariki ya Kongo, pale njia inapobana mpaka mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akupigie mluzi usogee. Nauza madaftari, kalamu, na vitabu vilivyokwisha kusomwa na wengine, vingi vya Kifaransa. Kamusi hukaa miezi. Vya hesabu hutoka Septemba, shule zikifunguliwa. Ila vile vya jalada jeusi, vyenye msichana amesimama dirishani na machoni hamna kitu, havimalizi siku mbili. Wanaovinunua wana miaka kumi na miwili hadi kumi na saba. Na kwa kila kijana anayenunua, kuna mtu mzima anayepita baadaye kunisema.

Maneno yao nimeyasikia hadi nayajua kabla hawajafungua mdomo. Nimeamua kuyajibu hapa, maana mezani wateja wanasubiri.

“Ukisoma habari za mizimu, unaiita”

Hili ndilo kubwa, na mama anayelisema simcheki. Kwetu neno mzimu lina uzito. Mzimu ni mtu wa ukoo aliyekufa, ana jina, ana wajukuu, hatajwi ovyo. Lakini mzuka wa riwaya hana ukoo. Katungwa na mtu aliyeketi na kikombe cha chai, akafuta mistari, akaandika tena, mwishowe akalipwa.

Kwa wanaotoka ibadani nina jibu lingine. Nawaomba wafungue Samweli wa Kwanza, sura ya 28. Sauli anabadilisha nguo, anakwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, na Samweli aliyekwisha kuzikwa anapanda akiwa amevaa joho. Kisha waende Mathayo 14, wanafunzi wako ndani ya mashua, usiku, upepo mkali, wanaona mtu anatembea juu ya maji na wanapiga yowe wakidhani ni kivuli. Kurasa hizo zimesomwa Goma Jumapili nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sijasikia kwamba msomaji alimpandisha mtu kutoka kuzimu kwa kuzisoma tu.

Kinachotokea kijana akisoma usiku kiko mwilini mwake mwenyewe. Ubongo unashtuka ijapokuwa hatari haipo, adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unakwenda mbio, na kwenye shina la kila unywele kuna msuli mdogo unaojikaza. Ngozi inatoa vipele. Wafaransa huiita ngozi ya kuku, na ndilo jina walilolipa mfululizo wa Mmarekani R. L. Stine walipoutafsiri. Kiswahili kina utani wake: vinyweleo hivyo vya mwilini huitwa malaika. Basi mtoto anayesoma habari za mizuka, wanaosimama ni malaika.

Akikosa usingizi siku tatu mfululizo, mnyang'anye kitabu. Kesho ana shule.

Ila kuna upande wa jambo hili usio wa mzaha. Mtoto anayepatikana na kitabu chenye fuvu kwenye jalada anaweza kuitwa mlozi nyumbani kwao, na tunajua neno hilo limewatupa watoto wangapi barabarani. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, imekataza kumshutumu mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imeweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Kati ya kitabu na neno hilo, najua kipi cha kuogopa.

Mwaka mmoja mama alinirudishia kitabu ndani ya mfuko mweusi, kakishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya.

“Mutoto anaongea usiku,” akasema.

“Anasema nini, mama?”

“Anauliza: alikufaka namna gani?”

Nilimrudishia pesa zake. Ila swali la yule mtoto ndilo moyo wa vitabu hivi vyote. Karibu kila riwaya ya mizuka iliyoandikiwa vijana, ukiivua giza na mlango unaolia, inabaki na upelelezi. Msichana aliuawa, akafichwa. Mtoto alizikwa bila jina. Kijana anayehamia nyumba ile anaanza kuuliza, watu wazima wanamwambia aache, naye haachi. Anakwenda makaburini kusoma majina, anasoma magazeti ya zamani, anamkalia mzee wa jirani mpaka aseme. Mzuka wa riwaya ni kesi ambayo wakubwa waliifunga mapema.

“Haya ni mambo ya wazungu”

Riwaya yenye mzuka na jumba la kale, sawa, husemwa ilianzia Uingereza, kwa Horace Walpole na riwaya yake ya kasri la Otranto, mwaka 1764. Lakini hofu yenyewe haikuja na meli. Nani kati yetu hakulala kwa bibi akisikiliza zimwi linavyobisha hodi kwa sauti ya mama? Kule Katanga, tangu enzi za Wabelgiji, watu wamesimulia habari za batumbula wanaokamata wapita njia usiku, na wanahistoria wamezichukua simulizi hizo kwa uzito, kwa sababu ndani yake mna namna watu walivyomwona mkoloni. Na hapa kwetu, mtoto anaijua volkano ya Nyiragongo kama makazi ya roho za waliokufa kabla hajajua maana ya lava.

Hata riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata jina lake la kwanza kubwa kwa mzimu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Maiti inaonekana mahali pa kale panapoogopwa, watu wote wanatazama upande wa mizimu, na mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anatazama upande wa binadamu.

Kuna kisa kingine ninachowapa vijana, na hiki wanakipenda kwa sababu ya volkano. Aprili 1815 mlima Tambora, Indonesia, ulilipuka. Uchafu uliorushwa angani ukapoza dunia, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Juni 1816, karibu na Geneva, kundi la marafiki wa Kiingereza lilifungiwa ndani na mvua. Walikuwa na kitabu cha hadithi za mizuka kilichotafsiriwa kutoka Kijerumani kuja Kifaransa, kilichotoka Paris 1812. Walipokimaliza, mmoja wao, mshairi Lord Byron, akasema kila mmoja atunge cha kwake. Kati yao alikuwamo msichana wa miaka 18, Mary, ambaye baadaye alichukua jina la Shelley. Alichokianza kipindi kile kilitoka 1818 bila jina lake kwenye jalada: *Frankenstein*.

Basi mlima, mvua, kitabu cha Kifaransa kilichopita mkono hadi mkono, na kijana aliyewazidi wateja wangu kidogo tu kwa umri. Sisi tuliokimbia lava tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Anayeniambia vitabu hivi ni vya watoto wasio na akili, nikikumbuka umri wa Mary nanyamaza tu.

“Ya pili ni ya kutafuta pesa” na “lazima uanze ya kwanza”

Haya mawili, juu ya vitabu vya mfululizo, nayaweka pamoja kwa sababu mezani huja pamoja.

“Mama, ile ya mbili iko?”

“Haiko, mutoto wangu. Iko ya tatu.”

Halafu ukimya. Anaitazama ya tatu kana kwamba inamdai. Vitabu vilivyotumika haviji kwa mpangilio. Mfuko unafunguliwa, unapata ya tatu mara nne na ya kwanza hata moja.

Ukweli ni kwamba kuna mifululizo ya aina mbili, na muuzaji asiyejua tofauti anawaumiza wasomaji. Ya kwanza ni kama ile ya Stine. Ilianza Marekani mwaka 1992, na hadi 1997 ilikuwa imefika vitabu 62, karibu kila kimoja kikiwa na mzuka wake na mtoto wake. Anzia popote. Isitoshe namba za Kifaransa hazifuati za Kiingereza: kile cha laana ya mumia kilichofungua mfululizo wa Kifaransa, Marekani kilikuwa cha tano. Nimewahi kuona wavulana wawili wakigombana hapa kuhusu kipi kilitangulia, kila mmoja ana ushahidi mkononi, na wote wawili walikuwa sahihi. Lakini hata humo kuna mitego. Yule mwanasesere mwenye roho mbaya aliyeingia kwenye kitabu cha 7 cha Kiingereza anarudi cha 31, kisha cha 40.

Aina ya pili ni hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Mwingereza Jonathan Stroud ana vitabu vitano, vya kati ya 2013 na 2017, juu ya London ambayo mizuka imeijaa na kuguswa nayo ni kufa. Wanaoweza kuiona na kuisikia vizuri ni vijana tu. Ukikua, kipaji kinafifia. Basi wakubwa wanabaki ofisini, watoto wanatumwa gizani na panga. (Vijana wa Goma hawaoni ajabu yoyote katika mpangilio huo.) Kila kitabu kina nyumba yake ya kutisha, ila swali la mizuka ilianzaje linatembea kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Ukianzia cha tatu umejidhulumu.

Kuhusu pesa, sitadanganya. Mchapishaji anapenda kitabu cha pili kama mimi ninavyopenda mteja anayerudi. Lakini riwaya ya mzuka ina sababu yake ya kuendelea: kesi haijaisha. Mmarekani Kendare Blake alitoa mwaka 2011 hadithi ya kijana aliyerithi kwa baba yake kisu cha kuulia mizuka. Anakutana na Anna, mzuka wa msichana aliyechinjwa, anayeua kila aingiaye nyumbani mwake, na badala ya kummaliza anampenda. Mwishoni Anna anajitoa, anazama chini pamoja na adui. Mwaka 2012 kikaja cha pili, na ndani yake kijana anaanza kumwona Anna akiteseka huko alikokwenda. Samahani kwa ambao hawajasoma. Nani angeridhika na cha kwanza tu? Aliyeokolewa ana deni, na deni ndilo kitabu cha pili.

Vinavyoniudhi mara nyingi ni vya tatu na vya nne, mwandishi anapoanza kueleza. Mzuka akishaelezwa mpaka unyayo, amekuwa jirani. Abdulla alijua hilo. Bwana Msa alitembea kutoka kitabu hadi kitabu mpaka 1984, na kila mara fumbo lilikuwa jipya.

“Watoto wa hapa wameona ya kutosha, uwaongezee ya nini?”

Hili silijibu haraka. Kuna watoto hapa ambao sauti ya mlango kupigwa usiku si mchezo, na mwenye hali hiyo simsukumii kitabu cheusi. Namwonyesha vya wanyama, vya mpira. Lakini nimegundua kwamba wanaovitaka zaidi si waliolelewa kwenye pamba. Kitabuni hofu ina ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na anayeishika anaweza kuifunga aende kuchota maji. Mlima hautoi nafasi hiyo.

Mvulana mmoja wa upande wa Bulengo alinunua kwangu riwaya kwa nusu bei kwa sababu gundi ilikuwa imekauka na kurasa za mwisho zilikuwa zimeanguka njiani, sijui nchi gani. Nilimwambia kabla hajalipa. Akasema si kitu. Baada ya wiki mbili akarudi na daftari. Alikuwa ameuandika mwisho mwenyewe, anaanza kwa Kifaransa cha shule, na kila mzuka anapozungumza anateleza kwenye Kiswahili.

Katika mwisho wake hakuna kasri. Mzuka wa msichana anakaa kwenye bonde dogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo mbuzi wakiingia asubuhi hawatoki. Mtu wa Goma anapajua mahali pa namna hiyo. Ni mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyo na rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inalala mashimoni kama maji. Mbuzi, mbwa na mtoto ndio wa kwanza, kwa kuwa wako karibu na ardhi. Wataalamu wa volkano duniani wameliacha neno letu lilivyo, wanaandika “mazuku” kwenye makala zao.

Kijana wa kwenye daftari anafunga mshumaa kwenye kamba na kuushusha. Mwali unazimika kabla ya kugusa chini. Anasimama, anajipangusa magoti, anasema kwa sauti: “Humu hamuna muzimu. Kuko mazuku.”

Mstari unaofuata, nyuma yake, msichana anajibu: “Najua. Ndiyo iliniuaka.”

Ilikuwa saa sita mchana, jua la Birere, pikipiki pande zote, na malaika yangu yakasimama hadi shingoni. Nilimrudishia daftari lake. Akachagua jingine pale mezani, la kurasa mia, akatoa pesa.

“La nini tena?” nikamuuliza.

“La ya mbili, mama.”