“Tutaona” ya Mzazi na Fomu ya Machaguo ya Mtoto

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne kijijini Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, anataka kusomea nini. Mara nyingi utasikia ualimu, uuguzi, udaktari, polisi au jeshi. Ndizo kazi anazoziona. Mpima ardhi hajawahi kumwona akifanya kazi, ingawa Chuo cha Ardhi kipo hapo hapo Tabora mjini.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia Itamar Gati na wenzake waligawa ugumu wa kuchagua kazi katika makundi matatu: kutokuwa tayari kuamua, kukosa taarifa, na kuwa na taarifa zinazogongana. Nyumba yenye kipato kidogo humwachia kijana zaidi shida ya pili. Nyumba yenye uwezo humtwisha ya tatu: baba anataka daktari, mama anataka mhasibu, shangazi wa Dar ana lake, na mtoto anapenda kufungua redio. Huyu naye amekwama, japo wengi humwona wa kudeka tu.

Fedha ina namna yake ya kunyamazisha. Mkulima wa tumbaku hana mshahara wa mwezi. Hela huja msimu wa masoko, tena baada ya kukatwa deni la pembejeo. Mtoto akiuliza habari za chuo, anajibiwa “tutaona”. Yeye anasikia “hapana”, anachagua cha karibu kabla ya yeyote kupiga hesabu. Mzazi, taja kiasi, hata kama ni kidogo. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2022; kinachobaki ni nauli, godoro, sare na mahitaji ya bweni, na hivyo vinahesabika.

Kosa linaloumiza zaidi hufanyika mapema. Mwanafunzi akiacha Kemia na Fizikia anapoingia kidato cha tatu kwa sababu “ni ngumu”, amejifungia mlango wa utabibu na maabara, na kwa kawaida hakuna aliyemwambia. Walimu waseme hili kidato cha pili, mzazi akiwepo.

Kisha kuna majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa “Mariamu”, cha kidato cha nne “Mariam”. Siku ya kuomba mkopo wa chuo kikuu, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na herufi moja hiyo inaweza kukwamisha maombi. Rekebisheni kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne.

Kwa fomu ya machaguo ya masomo na vyuo baada ya kidato cha nne, kijana asijaze kwa kumfuata rafiki wa dawati. Akae siku mbili kwa fundi au ofisini, aulize: ulisomea wapi, ulilipa kiasi gani, kitu gani kinakuchosha? Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule na vyuo, hufungua muda wa kubadili machaguo mtandaoni. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo nywila ya kuingilia mfumo huo iandikwe kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu ya kuazima.