Konvajensi: kwa nini hesabu ya tishu laini hukwama

Kuli wa kilo 65 akibeba gunia la korosho la kilo 80 pale Mtwara, kila anapoinua mguu mmoja goti la pili hubaki na uzito wa takriban nyutoni 1,400, hapo bado misuli haijavuta. Ukitaka kujua gegedu la goti hilo (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) linabonyea kiasi gani, programu ya elementi finiti (inayogawa umbo katika vipande vidogo, yaani elementi, ambavyo kwa pamoja huitwa meshi), mfano FEBio ambayo ni ya bure, hailipati jibu kwa mkupuo. Hukisia umbo jipya, hupima tofauti iliyobaki kati ya nguvu za nje na za ndani, husahihisha, kisha hurudia. Tofauti ikishuka chini ya kiwango ulichoweka, hesabu imefika. Hiyo ndiyo konvajensi.

Tishu laini ni korofi. Ukizivuta, mwanzoni hunyumbuka kwa urahisi, halafu nyuzi za kolajeni (protini inayozipa uimara) zikishanyooka hukaza ghafla, na kisio la hatua kubwa hupitiliza mbali. Tena zimejaa maji: umbo hubadilika, ujazo karibu haubadiliki. Tetrahedra (elementi zenye nyuso nne za pembetatu) za nodi 4, yaani pointi 4 za kukokotolea, hazimudu hali hiyo, hukakamaa kuliko tishu yenyewe. Tumia za nodi 10, au elementi za umbo la sanduku zenye nodi 8 zinazokokotoa shinikizo kando. Moduli ya ujazo (ukinzani wa tishu dhidi ya kubadilishwa ujazo) isipandishwe ovyo. Mara 100 hadi 1,000 ya moduli ya mkato (ukinzani dhidi ya kubadilishwa umbo) kwa kawaida hutosha.

Hesabu ikikwama hatua ya kwanza kabisa, shuku kwanza vizio vya vipimo (milimita na nyutoni hudai megapaskali, si paskali), kisha mgusano, yaani pale nyuso mbili zinapokutana. Nyuso mbili zikiwa bado zimeachana, mfupa hauna kinachouzuia na nguvu yoyote huurusha. Usogeze kwa umbali uliopangwa, milimita 0.05 hivi, mpaka uguse. Ndipo uweke nguvu, ukianza na sehemu 1 kwa 100 ya mzigo.

Ikikwama katikati na kutaja Jakobiani hasi (ujazo wa elementi umehesabiwa chini ya sifuri), kuna elementi iliyojipindua ndani nje, mara nyingi ukingoni mwa mgusano. Tafuta namba yake, urekebishe meshi hapo hapo. Kulegeza kiwango cha tofauti ili programu inyamaze ni hatari: utapewa picha nzuri yenye nguvu zisizolingana.

Hata ikifika, punguza ukubwa wa elementi kwa nusu na uendeshe tena. Shinikizo la juu kabisa likibadilika zaidi ya asilimia 5, meshi bado ni pana mno.