Staringi hafi: dadu za michezo ya kung fu

Mtu akiniuliza ni mchezo gani wa kuigiza mezani, ule ambao kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini na dadu zinaamua matokeo, unaowafaa wapenzi wa picha za kung fu, nami humuuliza: mhusika wako akiruka kutoka ghorofani, akadaka mnyororo wa taa na kumtandika mtu teke akiwa bado hewani, kanuni zinakufanyaje? Michezo mingi ya zamani inakuadhibu. Kila mbwembwe unayoongeza inapandisha ugumu wa shabaha, mpaka mchezaji anazoea kusema "nampiga ngumi" basi. Hapo picha imeshakufa kabla adui mkuu hajatokea.

Feng Shui ya Robin D. Laws, iliyotoka 1996, iliachana na tabia hiyo. Unarusha dadu mbili za pande sita, moja ya kuongeza na nyingine ya kupunguza, na tofauti yake inaingia kwenye kiwango chako cha mapigano. Ikitoka sita, unairusha tena dadu hiyo na kujumlisha, kwa hiyo maajabu yapo pande zote mbili, ya ushindi na ya aibu. Mbwembwe hulipii. Wale wapambe wasio na majina, wanaokuja kumi kumi na kupigwa mmoja mmoja, hata majeraha yao hayahesabiwi: ukimzidi mmoja kwa 5 au zaidi, kalala. Tuseme kiwango chako ni 13, dadu ya kuongeza imetoa 5, ya kupunguza 2. Una 16. Mpambe mwenye 8 umemzidi kwa 8, twende kwa mwingine. Aliyekulia kwenye mabanda ya video hahitaji kufafanuliwa hili: staringi hafi.

Wushu ya Daniel Bayn ilienda mbali zaidi. Humo mbwembwe ndiyo inayokupa dadu. "Nateleza juu ya kaunta," dadu moja. "Nadaka bakuli la tambi," ya pili. "Namfunika nalo usoni," ya tatu. Na yote uliyosema yameshatokea. Dadu hazikuulizi kama umeliweza teke, zinaonyesha tu pambano limesogea kiasi gani. Kabla ya kurusha unazigawa, hizi za kushambulia, hizi za kujikinga, na kila dadu isiyozidi kiwango cha sifa unayoitumia imefaulu. Ni mchezo mwepesi kuufundisha kuliko wote ninaoujua, na ndio unaochosha haraka kuliko wote. Pambano la tatu likifika, watu wanapachika maneno ili wapate dadu tu, na mkimya wa meza anaumia. Kanuni zinampa mwendeshaji, yule anayesimamia hadithi na maadui, uwezo wa kuweka kikomo cha dadu. Mimi nakishusha kwa wapambe, nakipandisha kwa adui mkuu.

Wapenzi wa panga na majoho marefu watafute Legends of the Wulin. Dadu ni za pande kumi na unatafuta zinazofanana; idadi yake ndiyo makumi, namba yake ndiyo mamoja: saba tatu ni 37, tisa mbili ni 29. Nyingine unaweza kuziweka akiba kwa ajili ya pigo la baadaye. Ila utamu wake hasa uko kwenye jeraha. Pigo linaweza kukuachia hasira au fedheha badala ya mbavu iliyovunjika, na ukiigiza hali hiyo inavyotaka, mambo yanakunyookea. Ukiikaidi, inakugharimu. Sijaona kanuni iliyoelewa vizuri zaidi kwa nini shujaa wa picha hizi anapigana huku analia. Bahati mbaya kitabu kimepangwa ovyo, kanuni moja unaisaka kurasa tatu tofauti.

Hearts of Wulin ni ya machozi zaidi kuliko mateke: mapenzi yasiyowezekana, deni la heshima, mwalimu aliyesaliti. Pambano zima linaweza kuamuliwa kwa kurusha dadu mara moja.

Kwa meza ya wageni naleta Feng Shui. Hearts of Wulin naiweka kwa kundi linalojuana kiasi cha kutoleana siri mezani bila kununiana.